Aje Mwenye Mke

Kila mwezi wa tatu ukikaribia, ofisi za mji huu hukumbuka kwamba duniani kuna wanawake, na mimi hualikwa kuzungumza. Swali la kwanza huwa ni lilelile: mama, ulianzaje harakati? Wanategemea niseme niliguswa moyo, au nilihudhuria semina nikafumbuka macho. Sikuguswa popote. Nilikamatwa. Nilikuwa natoka kazini, nimechoka, nanuka samaki, nikakamatwa kwa kosa la kutembea.

Nimezaliwa upande wa Misungwi, kwa wazazi waliolima pamba na kusali Jumapili. Darasa la saba nilimaliza, sekondari sikuchaguliwa, nikaolewa kanisani na kijana wa kijiji cha jirani aliyekuwa amepata kazi ya ufundi wa injini kwenye kivuko cha Kigongo. Tulipanga vyumba viwili Mirongo, sisi na watoto wetu wawili, pamoja na mama mkwe wangu. Huyo mama alikuja mjini kutibiwa mguu, mguu ukapona, akakataa kurudi. Mume wangu alilala kazini wiki nzima. Alifika Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri, na nguo zake zilinuka dizeli hata zikifuliwa mara mbili.

Miaka ya tisini ilipoanza, viwanda vya kuchuna minofu vilikuwa vinaota ufukweni kama uyoga. Zamani akina mama ndio walionunua sangara mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wakakausha kwa moshi na kuuza. Sasa magari ya viwanda yalisubiri mitumbwi tangu alfajiri, na mama aliyefika na beseni lake aliambiwa samaki wameshapata wenyewe. Wengi wao walikwenda kusimama kwenye mageti ya viwanda hivyohivyo kuomba kazi. Mimi nilisimama nao nikachaguliwa, kwa kuwa nilikuwa na mikono myepesi. Msimamizi alipenda kusema mnofu unataka mkono wa kike. Alisema hivyo akiwa amevaa sweta, na sisi tumesimama ndani ya maji ya barafu.

Zamu yangu ilikuwa ya jioni, kuanzia saa nane mchana mpaka saa mbili usiku. Kwenye viwanda vya zamani, vya serikali, lori la wafanyakazi lilipeleka wa zamu ya jioni karibu na nyumbani. Tulipouliza habari za lori, msimamizi alitujibu, "Hapa si shirika la umma. Mambo ya kubebana yamekwisha." Basi tukawa tunatembea, mimi na mwenzangu wa meza moja, binti wa Kijita kutoka pwani ya Mara. Alikuwa hajaolewa. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike aliyemwacha kwa bibi yake, na akili yake yote ilikuwa kwa huyo mtoto. Njia nzima aliniambia habari zake, kwamba ameota jino, kwamba ameanza kusema "bibi" kabla ya kusema "mama".

Mwaka huo wakubwa wa mji waliamua kusafisha mji. Kulikuwa na wageni wanakuja, wageni wa maana, wenye mitaji. Wakapaka chokaa mawe ya pembeni mwa barabara, wakavunja vibanda vya mama lishe, kisha wakaanza kukamata wanawake. Ukiwa mwanamke, jua limezama, na pembeni yako hakuna mwanaume, wewe ulikuwa uchafu.

Ilikuwa Jumatano. Tulipokaribia katikati ya mji tulikuta karandinga limeegeshwa na askari wanne wamesimama barabarani.

"Mnatoka wapi?" mmoja akauliza.

"Kazini, afande," nikasema.

"Kazi gani ya saa hizi?"

"Kiwandani. Tunachuna samaki."

Alisogea ili atuone vizuri, kisha akarudi nyuma na kuziba pua kwa kiganja. Jambo hili nalisema kila mara, na nitalisema mpaka nife. Yule mtu aliziba pua. Alijua tulikotoka kwa hakika kuliko kama tungemwapia. Tulikuwa tumevaa gambuti, mabaka ya damu ya samaki mpaka magotini, na mwenzangu alikuwa na magamba kwenye nywele. Akateremsha kiganja akasema, "Pandeni."

Ndani ya karandinga kulikuwa na wanawake wapatao kumi. Mmoja alijisogeza akatupa nafasi kwenye benchi. Alikuwa mrefu, amevaa hereni kubwa, na miguuni kwake kulikuwa na mfuko wa mkaa.

"Karibuni," akasema. "Ninyi mmefanya nini?"

"Tumetoka kazini."

"Mimi nimetumwa mkaa. Nafanya baa, jiko limezimika, bosi kanituma mkaa. Haya, twende tukaungame."

Kituoni, askari wa kaunta aliuliza kila mmoja wetu mambo mawili tu, jina na kama ana mume. Kama tumeiba au tumempiga mtu, hilo halikumhusu. Aliyesema ana mume aliambiwa kaa huku, mumeo akija utaondoka. Aliyesema hana aliambiwa kaa kule, mahakama itakuhukumu. Kwa hiyo kosa lilikuwa moja, lakini wenye hatia walikuwa wale wasio na mwanaume wa kuwafuata.

Asubuhi waume wakaanza kufika. Wa kwanza alipoonyeshwa mkewe alimzaba kofi palepale mbele ya kaunta, askari wakacheka, wakamkabidhi. Yule mama alitoka ameinamisha kichwa kama ng'ombe aliyekombolewa kutoka kwenye mazao ya watu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye nondo, nikamfuata kwa macho mpaka barabarani.

Mama mkwe wangu alikuwa amekesha akinitafuta. Jirani mmoja alimwambia kuna karandinga limepita, akaja kituoni kwa miguu, amejifunga kitenge chake cha kanisani kana kwamba anakwenda misani. Askari wa zamu ya asubuhi alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimemfuata mkwe wangu. Anafanya kazi ya samaki, ana mume, ana watoto, mimi naishi nao."

"Nimekuelewa, mama. Mumewe yuko wapi?"

"Yuko kivukoni, kazini. Atakuja Jumamosi."

"Basi mama, tusubiri Jumamosi. Aje mwenye mke."

"Mimi ndiye mama wa huyo mwenye mke."

"Ndiyo mama, lakini utaratibu ni aje mwenyewe."

Mama mkwe aliweka mikono juu ya kaunta. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, na akikasirika hukinyoosha polepole, neno baada ya neno. "Huyo mwanaume unayemtaka," akasema, "nimembeba mimi, nimemzaa mimi, nimemtawaza mimi. Leo yeye anaweza kuja hapa akasema neno moja huyu atoke. Mimi niliyemfundisha kusema, nikisema hapa hamsikii?"

Kijana aliinama na kujifanya anaandika. Alikuwa amempa shikamoo, hilo alilijua vizuri. Kumbe shikamoo yetu ni ya mdomoni tu. Mwanamke anaamkiwa mpaka anazeeka, na akifika kwenye kaunta anaambiwa akamlete mwanawe.

Mama mkwe hakurudi nyumbani. Alikwenda stendi, akampata kondakta wa basi la Geita, akamwomba afikishe ujumbe Kigongo, kisha akarudi kukaa kwenye ngazi za kituo. Siku hiyo yote hatukupelekwa mahakamani. Tuliambiwa karandinga halina mafuta. La kutukamata lilikuwa nayo.

Mume wangu aliwasili Ijumaa asubuhi, bado amevaa ovaroli, grisi mpaka kwenye viwiko. Askari mkubwa wa pale ndiye aliyempokea, na alimpokea kama rafiki wa siku nyingi.

"Karibu, kaka. Chukua mkeo. Lakini mwambie aache kutembeatembea, mji umebadilika."

Mlango wa nondo ukafunguliwa. Hakuna aliyeniuliza kitu, wala aliyesema wamekosea. Mume wangu alinyoosha mkono anishike. Nikageuka nikamtazama mwenzangu wa Kijita, ambaye alikuwa amekaa chini amekunja magoti.

"Na huyu?" nikamuuliza yule askari. "Tulikuwa pamoja. Tunatoka meza moja."

"Ana mume?"

"Hana."

"Basi."

Alisema "basi" kama mtu anayefunga duka. Nikarudi ndani, nikakaa chini kando ya mwenzangu.

"Mke wangu," mume wangu akasema, "twende nyumbani. Watoto wanalia."

"Nenda ukakae nao. Mimi nitatoka na huyu."

"Mama watoto, usinifanyie hivi mbele za watu."

Namkumbuka alivyosimama, mikono yake yenye grisi imening'inia, hajui aiweke wapi. Alikuwa mtu mwema, hakuwahi kuninyanyulia mkono. Aliacha kazi, akapanda kivuko na basi kuja kunitoa, na mimi namkataa. Niliumia. Lakini nilifahamu kwamba nikitoka mlango ule nikiwa nimeshikwa mkono, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ni mzigo uliopotea ukapata mwenyewe.

Askari alikasirika kuliko mume wangu. "Haya," akasema, "kama unataka mahakama utaipata." Mafuta ya karandinga yakapatikana muda huohuo.

Njiani askari mmoja alitushauri, tena kwa upole. Kirini tu, akasema. Hakimu atawapiga faini, jioni mko kwenu. Ukikana, kesi itaahirishwa, utarudi mahabusu. Wanawake wakatikisa vichwa kukubali. Na kweli, kwenye ile mahakama ya mwanzo walisimama mmoja baada ya mwingine, karani akasoma kwamba wewe siku fulani ulikutwa ukizurura bila sababu ya msingi, unasemaje, na kila mmoja akajibu "Ni kweli". Hakimu hakuinua uso. Wazee wa baraza wawili walikaa kulia na kushoto kwake, mmoja anasinzia.

Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Si kweli."

Hakimu akainua uso. "Umesemaje?"

"Si kweli, Mheshimiwa. Sikuwa nazurura, nilikuwa natoka kazini."

"Una mume?"

"Ninaye. Yule pale nyuma."

Watu wote wakageuka. Mume wangu alikuwa ametufuata kwa miguu, akasimama mlangoni pamoja na mama yake.

"Sasa kama una mume na amekuja, kwa nini hukutoka naye kituoni?"

"Nilikataa, Mheshimiwa."

"Ulikataa kutoka mahabusu?"

"Nilikataa kutoka kwa sababu nina mume. Nataka nitoke kwa sababu sina kosa."

Mzee wa baraza aliyekuwa anasinzia alifungua macho. Kisha mwenzangu akasomewa yake naye akakana. Aliyefuata alikuwa yule dada wa baa. Nadhani yeye alikuwa amejiandaa kukiri kama wengine, kwa maana haikuwa mara yake ya kwanza. Alitutazama sisi wawili, akavuta pumzi, akasema, "Na mimi si kweli. Nilitumwa mkaa."

Kesi yetu sisi watatu ikaahirishwa kwa wiki mbili, tupate wadhamini. Mume wangu alinidhamini. Mama yake alimsukuma kwa kiwiko, akamdhamini na mwenzangu. Nilipomwomba amdhamini na yule dada alinisogelea akaninong'oneza, "Mwanamke wa baa? Unajua watasema nini kivukoni?" Mwenye baa hakutokea. Yule dada akarudishwa mahabusu, na hereni zake zikabaki kwa askari wa kaunta, ambaye hakuzirudisha kamwe.

Siku ya kusikilizwa nilikwenda mahakamani na nguo za kazi. Sikuzifua. Nilivaa gambuti na aproni, nikapita katikati ya watu, na walioketi karibu na njia wakageuza nyuso. Mawakili hawakuruhusiwa kwenye mahakama za mwanzo, kila mtu alijisemea mwenyewe. Askari aliyetukamata alitoa ushahidi kwamba alitukuta tukizurura kwa nia ya ukahaba. Nikaambiwa kama nina swali niulize.

"Afande, siku hiyo nilikuwa nimevaa nini?"

"Sikumbuki."

"Ulipotusogelea uliziba pua?"

Akageuza macho dirishani.

"Ulikuwa unaziba nini?"

Watu walicheka, hata hakimu alitabasamu. Lakini mimi sikuona la kuchekesha. Nilitamani kulia kwa hasira kwamba uhuru wangu unategemea uvundo wangu, kwamba ningekuwa nimeoga kiwandani, nikajipaka mafuta, nikavaa gauni safi, nisingekuwa na utetezi wowote.

Mwenzangu aliuliza kama nilivyouliza. Yule dada naye akasimama kuuliza. "Mkononi nilikuwa na nini?"

"Mkaa," akajibu askari.

"Kwa hiyo nilikuwa natoka kununua mkaa."

"Wewe unafanya kazi wapi?" hakimu akaingilia.

"Baa, Mheshimiwa."

Hakimu akaandika. Halikuulizwa swali jingine. Mimi nikainuka kusema kwamba nilimwona na mkaa, nikaambiwa nikae, si kesi yangu.

Hukumu ilitolewa siku hiyohiyo. Sisi wawili tuliachiwa huru, na hakimu akaongeza maneno ambayo hakuombwa. Alisema mahakama imeona kwamba sisi ni wanawake wa heshima. Yule dada alitiwa hatiani, faini au mwezi mmoja jela. Alipopita mbele yetu akiwa na askari alitutazama. Tulifanya kazi ya halali wote watatu, tulikamatwa usiku mmoja, tukakana kwa neno moja. Tofauti ilikuwa harufu.

Tulikwenda kwa mwenye baa kumwomba alipe ile faini. Angeilipa kwa mauzo ya jioni moja. Alikuwa anapanga kreti, hakuacha kupanga. "Nimeshapata msichana mwingine," akasema.

Nilisikia kwamba wapo akina mama wasomi waliofungua ofisi ya kutetea wanawake mjini, nikawafuata. Walinipokea vizuri sana. Habari zangu walikuwa nazo, na mmoja alinikumbatia bila kujali nguo zangu za kazi. Walitaka nikazungumze kwenye semina yao, mimi na mwenzangu, kama mfano wa mwanamke mfanyakazi. Nikawaambia yupo wa tatu, yuko gerezani, tuanze na huyo.

Wakatazamana. Mwenyekiti wao alizungumza kwa upole, akipima maneno. "Mama, huyo tumwache kwanza. Ninyi mna kesi safi. Tukimweka yeye mbele, wanaume watasema tunatetea machangudoa. Itatuharibia hoja."

"Hoja ni nini?" nikauliza.

"Kwamba wanawake wa heshima wanaonewa."

"Na asiye na heshima akionewa?"

Aliniongezea chai. Niliiacha pale mezani nikatoka. Baadaye, miaka ilipopita, tulifanya nao kazi nyingi na baadhi yao nawapenda, lakini siku ile nilitembea mpaka nyumbani nikisema peke yangu barabarani kama kichaa. Wale hawakuwa askari wala mahakimu. Walikuwa wanawake wenzangu, na walikuwa na kaunta yao.

Kiwandani nako mimi na mwenzangu tulikuta mlango umefungwa. Msimamizi alikuja getini mwenyewe. "Ninyi wawili hapana," akasema. "Hapa hatutaki watu wa kesi."

"Tumeshinda kesi."

"Ndiyo maana."

Mwenzangu alipanda basi kurudi kwao Mara juma hilohilo. Nilimsindikiza stendi. Alisema walau atamwona mtoto wake, na alijitahidi kulisema kwa furaha. Huko alianza biashara ya dagaa, kisha dagaa nao wakaanza kununuliwa na matajiri, na barua zake zikawa fupi, mwisho zikakoma.

Yule dada alimaliza mwezi wake. Siku ya kutoka nilikwenda kumpokea, na mama mkwe akang'ang'ania kuja. Alibeba uji kwenye chupa ya chai. Tukamkuta getini asubuhi, amekonda, masikio yake yako wazi.

"Umekuja kufanya nini?" akaniuliza.

"Kukupokea."

"Mimi si ndugu yako."

Mama mkwe akammiminia uji. Alikunywa akiwa amesimama, akamaliza, akaomba mwingine. Kisha akaniambia, "Siku ile ulimuuliza yule askari maswali mpaka akakosa pa kutazama. Mimi nikauliza moja nikaishiwa. Ulijifunzia wapi?"

"Sikujifunza popote. Nilikuwa na hasira."

"Hasira hata mimi ninayo. Nifundishe kuuliza."

Hapo ndipo nilipoanza, kama kweli mnataka kujua. Tulianza na wanawake watano kwenye uwanja wa nyuma wa grosari moja, asubuhi kabla haijafunguliwa, tumekalia kreti. Wawili walikuwa wahudumu wa baa, mmoja mama lishe aliyevunjiwa kibanda, mmoja muuza mitumba, na huyo dada. Sikuwa na sheria kichwani. Nilikwenda kukaa mahakamani siku nzima nzima, nikisikiliza kesi za watu, nikirudi kuwaeleza jinsi mambo yanavyokwenda. Halafu tukaanza kuigiza. Yule dada alikuwa hakimu, na alikuwa hakimu mkali kweli. Mama mkwe alipenda kuwa askari. Alikataa kukumbuka chochote. Alisema "sikumbuki" kwa lafudhi yake ya Kisukuma mpaka tukalala chini kwa kicheko. Lakini mazoezi yenyewe yalikuwa ya kweli. Usikiri kosa usilolitenda hata ukiahidiwa kwenda nyumbani leo. Muulize alikuona ukifanya nini. Muulize kama mwanaume aliyepita hapo naye alikamatwa.

Msako uliofuata walikamata wengi kuliko sisi, na wengi wao walikuwa wameshapita kwenye kreti zetu. Safari hii wa kwanza alipoulizwa alisema si kweli, na wa pili, na wa tatu, mpaka mwisho. Karani alichoka kuandika. Kila kesi ilitaka siku yake na shahidi wake, na askari walikuwa hawaji. Wangekuja kusema nini? Kesi zikafutwa moja baada ya nyingine. Misako ya karandinga ikapungua, ingawa haikwisha, wakabuni njia nyingine za kutusumbua. Kiwandani, wanawake wa zamu ya jioni waligoma kuingia mpaka lori likaletwa. Nililiona likipita siku moja, wamekaa nyuma wamejifunika vitenge kwa baridi. Nilifurahi kwa ajili yao, na nilikasirika pia, kwa sababu lori lilikuwa lipo tangu mwanzo. Lilikuwa linabeba barafu.

Nyumbani haikuwa rahisi. Kivukoni walimtania mume wangu kwamba mkewe ni mwalimu wa machangudoa. Kuna Jumamosi hakuja. Alipokuja aliniambia kitu kimoja, na alikirudia kwa miaka mingi kila tulipokosana: "Ulinikataa mbele ya watu." Nami nilimjibu vilevile kila mara: "Sikukukataa wewe." Hakuna aliyemshinda mwenzake. Mama yake alipofariki tulimzika Misungwi, na wanawake wa baa wakaja na basi zima, wakapika, wakachota maji, wakaimba. Mume wangu aliwatazama siku nzima. Jioni aliwabebea kuni. Mkutanoni kwetu hakuwahi kufika.

Yule dada alihamia machimboni Geita, akafungua baa yake mwenyewe. Mara mbili alinitumia wasichana wake niwafundishe. Kisha akaugua ugonjwa wa miaka ile, ambao watu waliutaja kwa kunong'ona, na niliposikia alikuwa ameshazikwa.

Muda mrefu baadaye nilikutana na yule hakimu. Tulikuwa kwenye foleni ya hospitali, yeye amestaafu, ana fimbo, amekonda mashavu. Alinitambua kabla sijamtambua, akanisogezea nafasi kwenye benchi.

"Ninyi akina mama mlinisumbua sana," akasema, akacheka. "Mlinifanya nikeshe na mafaili."

Nikamuuliza kama anamkumbuka dada aliyemfunga siku aliyotuachia sisi. Nikamtajia jina lake na la baba yake. Alifikiri kwa dhati kabisa, nadhani hakuwa anaigiza.

"Hapana," akasema. "Kesi zilikuwa nyingi, mama. Tulifuata sheria ilivyokuwa."

"Amekufa," nikasema.

"Mungu amrehemu."

Tukaendelea kukaa. Alikohoa sana, akajifuta mdomo kwa leso, akatazama leso, akaikunja haraka. Kwetu mtu akikohoa hivyo unampa pole hata kama humjui, hata kama ni adui yako. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza. Walipoita jina lake aliinuka kwa shida, akaniaga, akaingia kwa daktari, na sikuwa nimempa pole.